Gari Lililolia Asubuhi Tu

Baridi ya alfajiri bado haijakiachia kijiji cha Gorno Sivino, na Selvie Chausheva amelala chali chini ya gari la watu, sikio lake likiwa limebana mpini wa jembe. Ncha ya pili ya mpini huo ameiegemeza kwenye chuma cha ekseli ya mbele, upande wa kushoto.

"Tikisa!" anapaza sauti.

Shaban Kehayov, mwenye gari, anaegemeza uzito wake wote kwenye boneti, kisha anaachia. Gari linainama na kuinuka. Nyiiik! Sauti inatoka kama mlango wa ghala usiofunguliwa tangu vuli, na jirani wa pili anachungulia dirishani.

"Umeisikia?" Shaban anauliza, nusura aruke. "Sema umeisikia, Selvie! Maana nimeitwa kiziwi, nimeitwa mwehu…"

"Nimeisikia, Aga. Sasa nyamaza nilisikilize gari, wewe nimekusikiliza usiku kucha."

Aga ndivyo waitwavyo wazee katika milima hii ya Rodopi, na Selvie hulitamka neno hilo kwa heshima hata anapogomba. Ana miaka arobaini na saba, mikono mipana, na kilemba cha maua kilichokwisha kubadilika rangi kwa grisi. Kutoka gereji yake ya bondeni hadi hapa ni mwendo wa saa nzima kwa barabara ya mawe. Alikuja jana jioni na gunia la vipuri mgongoni, akalala kwa mke wa Shaban, ili aamke pale gari linapoamka.

Kijiji kimecheka vya kutosha. Dukani wanasema Selvie kapanda mlimani kulala na gari la Shaban.

"Wacheke," ananiambia. "Sitibu nisichokisikia. Huyu mzee ameshuka bondeni mara ngapi? Kila akifika, gari kimya. Nikamuuliza swali moja tu: linalala wapi? Akaniambia, juu, kwenye baridi. Basi, nikajua kosa ni letu. Tulikuwa tunamsubiri mgonjwa aje akiwa ameshapona."

Gari lenyewe ni la magurudumu manne yanayovuta yote, kuukuu, rangi ya kijani iliyopauka. Mafundi wawili wa mjini walishalishughulikia. Wa kwanza alibadilisha shokomzoba, wa pili akabadilisha bushi, vile vipande vya mpira vya kwenye viungo. Kila kukicha lililia vilevile, na kila lilipofika mjini lilikuwa pole kama bibi harusi.

Lingekuwa gari la kubebea viazi tu, pengine lingeachwa lilie. Lakini ndilo linalowapeleka shule watoto watano wa Gorno Sivino, na hakuna jingine. Barabara inapita juu ya korongo, na kwenye kona ya korongo ndipo lilipokuwa likilia kuliko kwingine kote.

"Mimi si mwoga," anasema Nefise Hadzhieva, mama wa watoto wawili kati ya hao. "Lakini usukani unakatwa, chuma kinalia, na wanao wamo ndani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilimwambia Aga Shaban, nakupenda kama baba yangu, lakini mpaka linyamaze."

Wazazi wengine wakamfuata, na wiki nzima watoto wamekaa nyumbani. Shule nayo imetuma neno: wasipoonekana Jumatatu, watatafutiwa nafasi kwenye bweni la mjini.

Nefise anakunja uso. "Mtoto akishaanza kulala bondeni, mama naye atashuka. Mama akishuka, baba atapika mwenyewe siku ngapi? Halafu huku abaki nani? Mbuzi?"

Hilo ndilo lililompandisha Selvie mlimani, si malipo. Wiki nzuri humwingizia kama yuro mia mbili na hamsini, na wiki ya theluji humwingizia kikohozi. Hakuanza na magari. Alishona suruali kiwandani, yeye na nusu ya wanawake wa bonde lile, mpaka kiwanda kilipofungwa. Baba yake alikuwa dereva wa trekta wa ushirika, na hiyo gereji ilikuwa ya baba huyo.

"Cherehani ndiyo iliyonifundisha," anasema. "Mnakaa wanawake arobaini, mashine arobaini zinapiga kelele, na wewe unatakiwa uijue yako ikianza kulalamika kabla haijakata uzi. Ukishaweza hilo, gari moja ni starehe."

Anarudi chini ya gari. Hana haraka, lakini hapotezi muda pia, maana jua likifika uani, sauti itakimbia. Anachukua sirinji yenye mafuta ya injini na kudondoshea tone kwenye bushi ya juu. "Tikisa!" Nyiiik. Anahamia bushi ya chini. "Tikisa!" Nyiiik. Anafungua shokomzoba na kuliacha lining'inie. Nyiiik, tena kwa nguvu zaidi, kama linalomcheka.

Kinachomkera ni mbwa. Murjo, mbwa wa kondoo wa Shaban, mkubwa kama ndama, amejilaza kando ya gurudumu lilelile na hataki kuondoka. Selvie anamsukuma kwa kiatu, anarudi. Anamfokea, anarudi huku ametoa ulimi.

"Aga, mwite mbwa wako!"

"Mwache. Hapo ndipo anapolala siku zote."

Selvie anaacha kufanya kazi. Anatoka chini ya gari, anakaa kitako, anamtazama mbwa, kisha analitazama gurudumu la kulia ambalo halina mbwa.

"Siku zote tangu lini?"

Shaban anaangalia milimani kana kwamba ameitwa huko.

Selvie alirudi chini na kurunzi. Aliishika boljointi ya chini, kile kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kukata kona huku likipanda na kushuka. Mpira unaoifunika ulikuwa umechanika, na haukuchanika kwa uzee. Ulikuwa na alama za meno. Ndani, badala ya grisi nyeusi, palikuwa na kitu cheupe, kigumu kama mshumaa. Alikikwangua kwa bisibisi, akakipasha kwa kiberiti, akakinusa.

"Aga Shaban," alisema taratibu. "Mbona gari lako linanukia Iddi?"

Hapo mzee akaishiwa ujanja.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Gari liliteleza kwenye barafu, watoto wote watano wakiwa ndani, likazunguka na kuegemea msonobari mmoja ukingoni mwa korongo. Hakuna aliyekwaruzika. Wiki hiyohiyo Shaban alichinja kurbani, kondoo wa sadaka, na nyama ikagawiwa kila nyumba kama desturi inavyotaka. Mafuta ya mnyama hayatupwi. Aliyayeyusha, na kama baba yake alivyofanya kwa mkokoteni wa maksai, akayapitisha kwenye magurudumu. Bomba la kupigia grisi lilikuwepo, akalijaza mafuta hayo na kuyasukuma ndani ya viungo.

"Mnyama amelipa kwa ajili ya roho za wale watoto," alisema, macho chini. "Nikaona mafuta yake yatembee nao."

Kumbe kwenye baridi mafuta hayo huganda, na chuma kikabaki kikisugua chuma. Likipata joto la mwendo na jua la bondeni, yanalainika, kilio kinakwisha. Upande wa kulia hayakuingia sawasawa. Upande wa kushoto yalijaa hadi kumwagika nje, Murjo akatafuna mpira kuyafuata, na maji na mchanga vikafuata njia aliyoifungua Murjo.

Selvie hakucheka, ingawa najua alitaka kucheka. Aliinua gurudumu kwa jeki, akapenyeza mtaimbo chini yake, akamwita mzee.

"Shika. Inua kidogo."

Shaban aliinua, na gurudumu likacheza. Halikucheza kidogo. Mimi mwandishi, niliyesimama hatua kadhaa nyuma, nililiona.

"Ungekata kona ya korongo mara ngapi tena, sijui," Selvie alisema. "Mara moja ingetosha kuchomoka."

Mzee aliketi kwenye jiwe la kufungia farasi. Alilia waziwazi, hakuficha uso. "Nilichinja wapone," alisema. "Nilichinja wapone, Selvie, kumbe mimi ndiye ninayewaua."

Hata hivyo, fundi alipochukua kitambaa chenye petroli, mzee aliinuka na kumshika mkono. Kurbani haifutwi kwa petroli, alisema. Heri gari lisitembee kabisa.

Walisimama hivyo, mikono imeshikana juu ya gurudumu. Huyu hakuwa tayari kuitupa sadaka yake, na yule hakuwa tayari kufunga kipuri kipya juu ya mafuta ya kondoo.

"Aga, nisikilize," Selvie alisema mwishowe. "Kurbani yako ilifika siku ile ile, nyama ilipoingia nyumba za watu. Mungu hakukuambia umjazie mafuta kwenye boljointi." Akaitupa petroli kando. "Kamwambie mama anipe vitambaa vyeupe na maji ya moto."

Akayasafisha kwa maji ya moto na vitambaa vyeupe, kila kona, kazi iliyomla asubuhi nzima badala ya dakika chache. Kila kitambaa kilichojaa alimkabidhi Shaban mkononi, na Shaban akavizika vyote chini ya mti wa plamu, mbali na Murjo. Kisha boljointi mpya mbili kutoka kwenye gunia, mipira mipya, na grisi ya dukani. Adhuhuri walikula kachamaki, ule ugali wa mahindi wa milimani, wenye siagi na jibini, na hakuna aliyezungumzia magari.

Selvie hakushuka siku hiyo, wala kesho yake. Alitaka asubuhi nyingine yenye baridi.

Jumatatu, ukungu ukiwa bado uani, watoto watano wanasimama na mabegi mgongoni. Shaban anatikisa boneti. Kimya. Anatikisa tena, kwa nguvu. Murjo analinusa gurudumu, anapiga chafya, anakwenda kulala kwingine.

Nefise haridhiki na boneti. "Tembeza," anasema.

Gari linaondoka polepole, usukani ukikatwa kushoto na kulia, na Selvie anatembea kando yake ameinama, sikio karibu na gurudumu, mpaka getini.

Anasema vuli ijayo atapita vijiji vyote vya juu, usiku mmoja kila kijiji, asikilize magari yanapolala kabla theluji haijafunga njia. Gunia analo. Wa kumpa kitanda hawatakosekana.

Lakini hilo ni la baadaye. Sasa Nefise anafungua mlango wa nyuma, anawaingiza wanawe wawili, kisha anaingia yeye mwenyewe. Wengine wanajazana nyuma yake. Gari linashuka, na Selvie anakimbia kando yake mpaka kona ya kwanza. Shaban anapunguza mwendo, anashusha kioo, uso umemkauka.

"Unasikia nini?"

Selvie ananyoosha mgongo, anahema.

"Watoto, Aga. Wanagombea dirisha. Nenda."