Mionzi Katika Udongo wa Mama

Mimi ni mwalimu wa fizikia Msambweni, na kwa kujisifu sijambo. Nikifika kwenye somo la mionzi darasa zima hunyamaza. Huwasimulia habari ya yule mtaalamu wa Ulaya, zamani za babu wa babu zetu, aliyeifunga karatasi ya picha ndani ya karatasi nyeusi, akaweka jiwe juu yake, akavifungia kwenye droo akingoja jua litoke limulike hilo jiwe. Jua likakataa kutoka. Alipochoka kungoja akaisafisha ile karatasi ya picha hivyo hivyo. Lahaula! Jiwe lilikuwa limejichora lenyewe gizani. Na wakati ule wakubwa wa fizikia walikuwa wakijitapa kwamba kazi imekwisha! Haukupita muda mrefu wakawa wanabishana hata mwanga wenyewe ni kitu gani.

Mwaka huu niliazima kifaa cha kupimia mionzi, wanafunzi wasikie kwa masikio yao. Mionzi ikikigusa, kinalia tik. Popote ulipo kitalia mara moja moja, maana mionzi haba ipo kila mahali. Jumamosi nikakipeleka nyumbani Munje kumringia mama na mdogo wangu, ambaye mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa.

Mdogo wangu alikuwa hapati raha mpaka ale udongo. Wengi wetu huku tukiwa waja wazito ndivyo tulivyo, harufu ya mvua ya kwanza tu hututoa mate. Lakini mama hakutaka ule wa sokoni. Aliagiza mwekundu kutoka kilima kimoja huko bara, kilima cha wazee, akauoka, akaufukiza udi, akauweka kwenye bakuli kando ya kitanda cha bintiye.

Nilipokiwasha kifaa, mdogo wangu alicheka. "Ndicho hiki tu, dada? Hata kuku wetu wana kelele zaidi!" Akachukua kipande bakulini, akakitia mdomoni. Nami kwa utani nikakisogeza kifaa karibu, kama mtangazaji anayemhoji mtu. Kikalia mfululizo, kama bisi zinazopasuka sufuriani.

Nikadhani kimeharibika. Nikakipeleka mlangoni: tik, kimya. Nikakisogeza kwenye bakuli, kikaanza tena.

"Tema!" nikapiga ukelele. "Tema hicho sasa hivi!"

Akatemea kiganjani, macho yamemtoka. Mama akanikaripia, "We! Unamtishaje mwenzio na hali yake hii?" Nikamweleza kwamba udongo ule una madini yanayotoa mionzi, na kuyala kila siku si jambo la mchezo.

"Mtoto ataumia?" mama akauliza.

Nikasema twende hospitali wampime, nikasema huenda isiwe kitu. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba fizikia hii inajua kusema habari za wengi, lakini ya mmoja haiijui. Hata chembe moja ya madini yale, hakuna ajuaye itavunjika na kutoa mionzi leo au baada ya miaka elfu. Wakubwa wake walibishania jambo hilo mpaka wengine wakafa hawajalikubali.

Mdogo wangu alikuwa amelishika tumbo kwa mikono miwili, analia bila sauti. Mama aliendelea kulitazama bakuli.

"Niliula huu huu nikiwa na mimba yako," aliniambia taratibu.

Nikashusha pumzi. Nilitaka kumwambia, ona basi, si mimi huyu hapa mzima? Hakunipa nafasi.

"Na ya yule aliyekutangulia."

Yule hakutimiza siku arobaini, na nyumbani kwetu hatajwi. Mama akainua uso. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita mwalimu. "Niambie, mwalimu," akasema, "ni mimi?"

Nikamwambia si yeye. Nikamshika mabega nikarudia, si wewe, mama, si wewe, na sikuwa na njia yoyote ya kujua.