Nilimtunga Kijana, Akatafutwa Kweli

Kuna kijana nilimtunga kwenye karatasi, halafu mtu mzima akashinda na mvua kutwa nzima akimtafuta ili asife.

Wala siwapigi kamba.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimepata kibarua kwenye utafiti. Kazi yenyewe kupita nyumba kwa nyumba na fomu, kuwauliza vijana wanalalaje, wanaogopa nini, wanakunywa kiasi gani.

Maswali ishirini na moja. Wengine walilia mbele yangu. Mimi natia alama, nauliza linalofuata.

Wenzangu wakanibatiza Barafu. "Barafu hana presha," walisema. Walikuwa wananisifu.

Hawakujua kwamba kwenye chupa yangu ya chai hamkuwa na chai.

Niliishi kwa dada yangu. Alipojifungua mtoto wa kwanza akanipa nimpakate. Nikampakata. Nikasubiri nisikie kitu moyoni.

Patupu.

"Mjomba mtu, hata tabasamu huna?" dada akanitania.

"Nimechoka tu, dada."

Nikamrudishia mwanawe, nikaenda kunywa.

Sasa Ijumaa moja mvua ilikuwa inamwagika toka asubuhi. Nimebakiza fomu moja, na ripoti inafungwa saa kumi. Nikajifungia stoo ya ofisi, nikakalia boksi la karatasi, nikaamua kumtunga mtu.

Mwanamume. Miaka ishirini na tatu. Mtaa, nikaandika ule nilioupitia jana yake. Alama nikatia chapchap bila kufikiri.

Mwishoni kulikuwa na nafasi ya maelezo. Nikaandika: "Anakunywa kabla ya kupiga mswaki. Hajisikii vibaya. Hajisikii chochote. Akivuka barabara haangalii magari, likija, lije."

Nikakabidhi. Nikasahau.

Jumatatu asubuhi msimamizi wetu akaniita. Mama wa makamo, muuguzi mstaafu, mpole, ila ukimchezea anakunyoosha. Sauti ilikuwa imemkauka kwa mafua. Viatu vyake vilikuwa dirishani vinaanikwa, tope mpaka kwenye kamba.

"Huyu kijana wako," akasema, ameshika fomu. "Jumamosi nimegonga milango arobaini na kitu kwenye mtaa ule. Hakuna anayemjua. Nipeleke kwake sasa hivi."

"Mama... hayupo."

Akaketi taratibu. Mkono ukaenda mdomoni.

"Amekufa?"

"Hapana, mama! Nina maana hakuna mtu kama huyo. Nilimtunga."

Nikangoja matusi. Hayakuja. Akaisoma fomu tena, kidole kikipita chini ya kila neno.

"Mwanangu, mtu akitunga anaandika 'ana huzuni.' Hili la mswaki halitungwi. Ni nani huyu?"

Nikatazama ule mwandiko. Nilitaka kusema sijui. Mdomo ukasema kingine.

"Ni mimi."

Sikulia. Nilisema kama mtu anayetaja saa.

Akainuka, akavaa vile viatu vibichi. "Kazi nimekufukuza. Utafiti haughushiwi. Sasa twende hospitali, nakupeleka mwenyewe."

Na kweli, vyote viwili alivifanya ndani ya saa moja.

Siwezi kuwadanganya kwamba nilipona siku ile. Nilirudia pombe mara mbili. Dada alinifuata mara zote mbili, mtoto mgongoni, hanisemi. Kurudi kwa hisia zenyewe kulichukua miezi, na ya kwanza kurudi haikuwa furaha. Ilikuwa aibu. Nikaipokea hivyo hivyo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Changu hakikuwa na mshindo wowote, ndiyo maana hakuna aliyegeuka.

Kama kwenu kuna kijana ametulia kupita kiasi, usimpongeze. Muulize hali yake, halafu muulize mara ya pili. Mara ya kwanza wote huwa tunadanganya.