Probox ya Onesphory na mayai ya Shangazi Benigna

Ukungu bado umeikalia migomba ya Kamachumu, lakini stendi imeshaamka na kelele zake. Onesphory Mushumbusi ameinama nyuma ya Probox yake ya kijivu, anapanga mkungu wa ndizi wa abiria kama mtu anayelaza mtoto. Anauwekea gunia chini. Anautikisa. Anaurudisha nyuma kidogo.

"Onesphory, waitu, mwenzetu, hizo ndizi zinakwenda Bukoba au zinakwenda kulala?" anauliza mama mwenye mkungu, tayari amechoka kusubiri.

"Zinakwenda Bukoba, mama. Na zifike zikiwa bado ndizi."

Ndani ya gari wanacheka. Huyu ndiye dereva ambaye stendi nzima inamtania kwa kosa moja: ana Probox, na anaiendesha polepole.

Huku kwetu gari la mtu ni cheti chake cha tabia. Anwari, mpiga debe wa stendi hii, huwasomea wapita njia hukumu zao kwa sauti. Mwenye Vitz ni mwalimu, mkopo haujaisha. Mwenye Noah ana watoto wengi hadi anawachanganya majina. Mwenye Harrier ametoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi, na gari ni la kuazima. Ikipita Land Cruiser nyeupe, Anwari hunyoosha mgongo: "Hiyo usimtafute mtu ndani. Salimia vioo tu!"

Na Probox?

"Probox ni ya mtu asiyemwogopa trafiki wala Mungu," anasema, na madereva wanapiga makofi kana kwamba wamesifiwa.

Onesphory hapigi makofi. Ana miaka thelathini na mmoja, na utani huo umemgharimu. Abiria wenye haraka humruka na kupanda gari la nyuma yake. Wenzake huenda Bukoba na kurudi mara nne kwa siku. Yeye mara tatu, na mvua ikinyesha, mbili. Lakini hilo analivumilia. Kilichokaribia kumvunja ni kukataliwa Lilian.

Lilian ni fundi cherehani wa Kamachumu. Alianza kupanda gari la Onesphory akiwa na nguo za harusi za wateja, kwa sababu humo nguo zilifika bila kukunjamana. Mwaka jana Onesphory alituma mshenga kwa baba yake, Mzee Byabato. Katika nyumba za Wahaya mgeni hupewa kahawa atafune, punje zilizokaushwa na maganda yake, hata kama amekuja kudai. Mshenga alikaa hadi kiti kikapata joto. Kahawa haikuja. Akarudi na mdomo mkavu, na jibu lenyewe hakuhitaji kulisema.

"Niliumia," anasema Onesphory. "Ungekuwa ulevi, ningeacha. Ungekuwa wizi, ningetubu. Sasa mtu anakukatalia aina ya gari! Nitubu nini?"

Mwendo wake una historia. Alijifunza udereva kwa mjomba wake wa Nshamba, aliyesambaza lubisi kwa pikapu kuukuu. Lubisi, pombe ya ndizi, inapochacha haitaki kufungwa. Ukikaza kifuniko, dumu linapasuka. Kwa hiyo mjomba aliziba madumu kwa majani ya mgomba tu, akampa mpwa wake usukani.

"Ukikata kona vibaya, lubisi inamwagika na kijiji kizima kinakunusa," anakumbuka. "Mjomba hakunifundisha breki. Lubisi ndiyo ilinifundisha."

Mzee Byabato hakuyajua hayo. Alichokijua alikipata kwa dada yake, Shangazi Benigna, ambaye ukoo ulimpa kazi ya kumchunguza kijana, kama ilivyo desturi kabla binti hajaposwa. Mama huyu haulizi majirani maswali. Alibeba kikapu cha mayai, akaenda stendi kupanda gari la mchumba bila kujitambulisha. Alikuwa ameambiwa atafute Probox ya kijivu yenye stika ya Bikira Maria kwenye kioo cha nyuma.

"Nikaiona, nikapanda," anasimulia nyumbani kwake, akichambua maharage. "Mwanangu, ule mteremko wa Muhutwe tuliushuka kama jiwe. Nilifika na uji kwenye kikapu. Nikamwambia kaka, huyo kijana atamfanya Lilian mjane kabla hajawa mama."

Hakujua kwamba stendi ya Kamachumu imejaa Probox za kijivu, na kwamba nusu yazo zimebandikwa Bikira Maria. Wenye mwendo mkali ndio humbandika kwanza.

Miezi ikapita. Siku moja Shangazi alikuwa na mayai ya kuuza kweli, si ya kupeleleza. Akapanda gari lililokuwa mbele. Walipofika kwenye mteremko, alifumba macho na kukumbatia kikapu.

"Nikangoja kufa. Sikufa. Nikafungua jicho moja, nikaona migomba inapita mmoja mmoja, kama inanisalimia."

Abiria wa nyuma ndiye aliyefichua siri kwa hasira: "Onesphory, hii ni gari au ng'ombe?"

Shangazi akageuka. "Wewe ndiye Onesphory? Wa Lilian?"

Hapo ndipo mama huyu hunyanyua kidole anaposimulia. Kijana kwanza aliwasha taa ya pembeni, akatoka barabarani, akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono. Ndipo akageuza uso na kusema, "Ndiyo, Ma. Ni mimi."

Shangazi hakuuza mayai siku hiyo. Aliyarudisha yote mazima hadi kwa kaka yake, akayaweka mezani.

"Mara ile ya kwanza nilipanda gari isiyo yake," alimwambia.

"Hizo gari zote ni moja," alijibu mzee.

"Gari ni moja, kaka. Mguu ulio kwenye breki si mmoja."

Mzee Byabato, mkulima wa kahawa asiyependa maneno mengi, anakubali kwamba alishindwa kulala. "Sijasema ndiyo," ananionya. "Nimesema mshenga arudi Jumamosi. Safari hii atatafuna kahawa."

Muhaya yeyote anajua uzito wa sentensi hiyo.

Stendi nayo imepata habari. Anwari amekuja mbio na neema mkononi: rafiki yake wa Bukoba ana Harrier nyeupe, yuko tayari kuiazima kwa siku moja. "Shemeji, usituaibishe! Mpeleke mshenga kwa heshima. Hiyo Probox iache hapa, nitaifunika hata na turubai!"

Onesphory anafunga mlango wa nyuma taratibu, anasikiliza kama umeshika. Kisha anamwambia rafiki yake kwamba Jumamosi mshenga atakaa kiti cha mbele cha gari hili hili la kijivu.

"Nikienda na Harrier, watamwoza Lilian kwa mwenye Harrier," anasema, akiwasha injini. "Mimi nitarudi na nani?"

Anachungulia kioo cha pembeni, halafu kingine, halafu tena kile cha kwanza. Nyuma yake wenzake wanapiga honi. Anaondoka, polepole.