Kaburi Tupu la Sinema

Wajukuu wangu wakisikia kwamba niliwahi kucheza sinema, huniuliza kama ilikuwa nzuri. Huwajibu kwamba ilizidisha machozi, na kwamba sijutii kuicheza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Nakuru. Mume wangu alifanya kazi reli, nami nilifundisha watoto shule ya Jumapili. Jirani yetu alikuwa kijana aliyezunguka na gari la sinema kwenye mashamba ya walowezi. Siku moja bosi wake alimwazima kamera, naye akatunga hadithi yake mwenyewe: mama mzee anamsindikiza mwanawe stesheni, mwana anafia mbali, sanduku linarudi. Alinipaka unga kichwani nikawa mzee.

Jicho alikuwa nalo. Alinipiga picha nikikunja shati la mwana, nikifika kwenye kola nikasita, nikainusa. Sinema ilipomulikwa ukutani nikajiona, nilisahau kwamba yule ni mimi. Lakini picha hiyo ilipita upesi, kisha pale ukutani nikaanza kulia. Nililia mlangoni, nikalia njiani, nikalia kaburini mpaka nikajichosha mwenyewe.

"Umeniliza mno," nilimwambia.

"Dada, watu wasipolia watasema hawakuona kitu."

"Wangelilia lile shati. Hukuwapa nafasi."

Alicheka, wala hakubadilisha kitu. Watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli tulikokaa, wakawa wananifuata bombani huku wakijikamua macho: "Woi, mwanangu! Woi!"

Hayo niliyavumilia. Shida ilikuwa kaburi. Tulichimba kaburi la kweli pembeni mwa shamba kule Lanet, tukashusha sanduku tupu, tukalitoa, tukafukia. Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Mtu asiyepatikana mwili huzikiwa shina la mgomba. Sisi hatukuweka chochote. Jua lilikuwa linashuka, kijana ana haraka ya mwanga, nami sikuwaza.

Sinema ilipoonyeshwa, mzee wetu wa kanisa alitaka kujua ni nani aliyezikwa pale. Alipoambiwa hakuna, aliniita.

"Binti, lile shimo linangoja mtu. Nendeni mkazike mgomba, kisha utubu mbele ya kanisa. Mpaka hapo, usiiguse Meza ya Bwana."

Nililelewa misheni, sina mama wala baba. Meza hiyo ndiyo iliyokuwa nyumbani kwangu, na mzee alijua.

Kesho yake kijana alikuja na shina la mgomba begani. "Dada, tulizike yaishe. Ukitengwa kwa ajili yangu nitakutazamaje?"

"Hilo wape ng'ombe," nikasema, nikaenda kwa mzee.

"Mzee, ni wewe uliyenifundisha katekisimu. Ulisema uhai wetu uko mkononi mwa Mungu. Siku hizi uko mkononi mwa mgomba?"

"Unanijibu?"

"Nakukumbusha. Ukisema ile sinema ina vilio vingi, nitakuunga mkono leo hii. Ukisema ina dhambi, nionyeshe."

"Kichwa chako kigumu kama reli."

"Ndiko nilikoolewa, mzee."

Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga pale barazani, aligeuza uso ukutani ili asionekane akicheka. Mzee hakucheka.

Jumapili ya Meza kikombe kilinipita. Mwezi uliofuata kilinipita tena. Sikuhama kanisa, wala sikurudi nyuma. Nilikaa benchi langu la pili na kuimba sauti ya pili kama kawaida. Nilimwombea mzee kila asubuhi, siku nyingine kwa moyo mweupe, siku nyingine meno yakiwa yameumana. Namshukuru Mungu aliyezipokea sala zote mbili.

Kilipokuwa kimenipita mara ya tatu, kijana alibisha hodi. Mkononi alikuwa na daftari.

"Nimeandika nyingine," alisema, akitazama chini. "Ina mama pia. Lakini sikuja kukuomba. Wakikuona tena ukutani hawatakurudishia kikombe."

"Kikombe si chao. Hicho ulichoandika, kilete."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Ukurasa wa kwanza mama analia. Wa pili analia. Katikati ya vilio hivyo aliandika mstari mmoja tu: mama anahesabu vikombe vya chai, anatoa kimoja, anakirudisha kabatini.

Nilivuta kiti, nikaomba kalamu, nikaanza kufuta machozi, moja baada ya jingine, yeye akilalamika kila mstari.