Kifurushi Kilichokwenda Mwakirunge Bila Maktaba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Changamwe, Mkuu wa Mifumo alinipa kiti kibovu na sheria moja. "Kifurushi ni mgeni," akasema. "Kisiende kwa watu kuomba chumvi. Kibebe yake."

Kazi yangu ilikuwa kufungasha moduli, vipande vya programu vya lugha ya kompyuta iitwayo Python. Vijana wa leo mwaandika amri moja, kifurushi chashuka, mwaenda kunywa chai. Sisi tulishughulika na moduli za nyongeza, zilizoandikwa kwa lugha nyingine, C, ili zisome vyombo kama mizani ya malori. Moduli ya namna hiyo haisimami peke yake: hutegemea maktaba ya pamoja, yaani faili moja inayoazimwa na programu nyingi. Mashine isipokuwa nayo, moduli haiamki. Ndiyo maana maktaba hutiwa ndani ya kifurushi, kisha kifurushi hujaribiwa kwenye kompyuta tupu.

Nilisifika kwa kuhesabu kila kitu mara mbili. Wauza nyanya wa soko la Kongowea walikuwa wakiniona wanafunika meza. Basi kifurushi cha mizani ya machimbo ya Mwakirunge nilikijaribu mara mbili pia, zote kwenye kompyuta yangu, ambamo maktaba ilikuwamo tangu zamani. Kompyuta tupu ilikuwa ghorofa ya juu. Nikaona uvivu kupanda ngazi.

Asubuhi akapiga simu Bi Kadzo, karani wa mizani. "Kaka, hii mashine yaniambia maktaba haipo. Niitoe wapi mimi?"

"Umegusa nini?"

"Kitufe cha kuwasha. Au nacho hakiguswi siku hizi?"

Malori yalikuwa yamejipanga hadi barabarani. Nilifungua kifurushi, nikaliona kosa langu. Nikatia maktaba, nikakituma upya kwa nambari ileile ya toleo. Vifurushi vilikuwa viwili. Orodha ikaonyesha kimoja, kama kwamba kile kibovu hakikuwahi kutumwa.

Lakini Meneja wa machimbo alikuwa ameshatuandikia kwamba karani ameharibu kompyuta. Mkuu akaniita. "Kifurushi chetu ni kizima?"

"Kizima, bwana mkubwa."

Saa ile kilikuwa kizima kweli. Bi Kadzo akaachishwa kazi wiki hiyohiyo.

Miaka mingi baadaye, nilipostaafu, walinikatia keki, wakanisifu: mtu wa kuhesabu mara mbili. Nilitaka kusema. Nikala keki.

Mwezi uliofuata nilimtafuta Bi Kadzo, nikampata kwake Junda, akianika nguo. Nilikuwa nimepanga maneno kama mtu aendaye kupatana bei: nianzie chini, nipande kidogo kidogo. Nikajikuta nimesema yote kwa mara moja.

"Nilijua," akasema. "Kesho yake niliwasha, ikakubali, na sikuwa nimegusa kitu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, kaka. Nilisema kwa Meneja, nikasema kwa Mkuu wako. Wakanijibu wamekuuliza wewe."

Akanipa ncha moja ya shuka, tukalikamua pamoja.