Asubuhi Firigogo Walipochota Maji

Wakati wetu, sisi tuliosomea Balambala, kule Garissa, Jumamosi baada ya mvua za Aprili haikuwa siku ya kulala. Nchi iliyokuwa vumbi tupu ilivaa majani kwa siku chache, hewa ikanukia udongo na maua ya migunga. Tulikuwa tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, kisha tunamfuata mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa Kitui, kwenda kutazama ndege. Tulikuwa watoto kumi na tisa, wengi pekupeku.

Jumamosi moja baba yangu alitufuata. Alikuwa ameamua kunitoa shule nikachunge ngamia upande wa Wajir, na alikuja kunichukua. Alitukuta tumejipanga ukingoni mwa dimbwi la mvua, tukisubiri firigogo, wale ndege wa rangi ya mchanga wanaosafiri mbali kila asubuhi kutafuta maji.

"Mwalimu," alisema, "mimi naleta mtoto asome, wewe naonyesha yeye ndege? Ndege iko hata nyumbani."

"Mzee, tunangoja wanywe. Wanazunguka tu huko juu, hawatui."

Baba alicheka. "Watatua aje? Nyinyi nakaa mlangoni yao. Na hii shati yako nyeupe inapiga kelele."

Kwetu mwenye kiu hazuiliwi maji, hata awe mnyama wa adui. Baba alituhamishia nyuma ya kichaka, kisha akamfunika mwalimu shuka lake la kahawia mpaka kichwani.

"Mwalimu ameolewa!" Halima, mwenzangu darasani, alininong'oneza. Tukaziba midomo kwa viganja.

Kisha walishuka. Tulisikia mabawa kwanza, halafu mchanga wa ukingoni ukawa kama umeanza kutembea. Mamia kwa mamia walikunywa, wakaruka, wengine wakatua. Hakuna aliyecheka tena. Madume walikawia. Waliingia majini hadi tumboni, wakajitikisa taratibu.

"Wanaoga?" mwalimu aliuliza.

"Wanachota. Manyoya ya tumbo inashika maji. Watoto nanyonya hapo, huko jangwani."

Mwalimu alimtazama baba, akatoa daftari, akaandika maneno yale, na chini yake jina la aliyeyasema. Akanipa nisome. Nilisoma kwa sauti, nikafasiri kwa Kisomali. Baba aliniambia nirudie. Nikarudia. Alisimama, akajitwalia shuka lake.

"Ngamia atakwenda na binamu yako," aliniambia, akaondoka, akiniacha pale na mwalimu.

Miaka mingi baadaye nilisoma vitabuni kwamba wataalamu walilitilia shaka jambo hilo la manyoya kubeba maji kwa muda mrefu kabla ya kulikubali. Baba alikuwa ameshafariki. Nililisoma kwa sauti hata hivyo, mara mbili.

Siku hizi mimi ndiye ninayewaongoza vijana wa Garissa katika matembezi hayo. Simu zao huwatajia jina la ndege kabla sijafungua kinywa, na mara nyingi ni sahihi. Lakini zamani tuliketi hadi ndege wa mwisho aondoke. Hawa wakishapiga picha, huuliza gari liko wapi. Nami, dume mmoja akiwa bado majini, huwaomba dakika tano zaidi.