Benchi la Altrasaundi

Kabla sijafika kijiji cha Nyanungu nilikuwa nimezunguka sana, mwanangu. Kutoka kwetu Mpanda nilipanda treni hadi Tabora, nikashika basi la Mwanza, nikalala stendi, nikapanda jingine hadi Tarime, na mwisho nikajibanza juu ya lori la mahindi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, begi moja, na mdomo usiotulia.

Mwita, kijana wa rika langu, alinipokea kwao kama ndugu. Tulilima kwa ng'ombe, yeye ameshika jembe, mimi naongoza. Mama yake alinipakulia ugali sawa na mwanawe.

Nakumbuka siku ambayo fahali alimgonga Mwita mbavu za kushoto. Hakulia. Kwao mwanaume aliyetahiriwa halii, hata kope hapepesi. Lakini tumbo lilipozidi kumuuma nilimpeleka hospitali ya mjini kwa bodaboda. Wakampiga eksirei. Daktari akaiinua ile picha, mbavu nyeupe, zote nzima.

"Mifupa ni salama," akasema, "lakini ya tumboni siyaoni hapa. Nendeni altrasaundi sasa hivi."

Nje ya chumba cha altrasaundi palikuwa na benchi refu, na wote waliokaa walikuwa wajawazito. Mwita akasita. Mama mmoja akasogea.

"Kaa, shemeji, hatukung'ati."

Akakaa, mikono tumboni. Nami, badala ya kunyamaza, nikapaza sauti, nikimwita kama vijana wa kwao wanavyoitana: "Mura, hiyo ya miezi mingapi? Tuanze kutafuta jina?"

Benchi zima likacheka. Mwita akainuka. "Mifupa ni mizima. Twende nyumbani."

Nikamfuata, bado nacheka.

Hatukufika mbali. Midomo ilimpauka, jasho baridi likamtoka, akateleza kwenye pikipiki kama gunia. Tukamrudisha mbio, na safari hii hakuna aliyetaja foleni. Dada wa kipimo alimpaka jeli tumboni, akapitisha kifaa chake, na kwenye kioo nikaona weusi umetanda.

"Hiyo ni damu. Bandama imepasuka," akasema. "Si mlikuwa hapa? Mlikwenda wapi?"

Alipasuliwa, akapona. Tuliporudi nyumbani mama yake alichinja kuku, akaniwekea mimi firigisi, kipande cha heshima. "Umeniokolea mtoto," akasema, ameishika mikono yangu yote miwili. Mwita alikuwa amelala pale pale, ananitazama. Ile firigisi niliila nimeinamisha kichwa. Hadi leo, nikila kuku, naona haya.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua, lakini ole wake anayemfanya mwenzake afiche. Eksirei hupitisha mionzi. Mfupa huizuia, ukaonekana mweupe, lakini nyama na damu huenda zisionekane vizuri. Altrasaundi hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Huingia mwilini na kurudi, kama mwangwi wa mchungaji anayeita mlimani, ikaonyesha ini, bandama, figo, na damu iliyovuja. Haina mionzi, kwa hiyo wajawazito huitumia sana, lakini si yao peke yao. Kuna na sitiskani, inayokusanya picha nyingi za mionzi, kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Kila kipimo na kazi yake. Picha moja ikiwa safi, usimwambie mtu amepona. Ukiambiwa nenda cha pili, nenda. Na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Baada ya mavuno nilishindwa kuendelea kuitwa mwokozi. Nikafunga begi. Mwita alinisindikiza hadi barabarani, taratibu, mkono mmoja kwenye kovu.

"Mama sijamwambia," akasema. "Wewe ni wa nyumba ile. Lakini siku nyingine, mura, ukiona mtu anaogopa benchi, tangulia wewe kukaa."

Gari likaja, nikapanda, sijarudi tena. Nawe, mwanangu, Mungu akulinde mwili na ulimi, na siku ya kuugua akupe rafiki wa kukaa naye benchi.